Nani Ana Ruhusa ya Kukanyaga Ua Wako Tanga?

Kibao cha "Hairuhusiwi kupita hapa" utakikuta Tanga kwenye mageti ya Raskazone na kwenye seng'enge za Mikanjuni vilevile. Wengi wanaokitundika huamini kwamba tangu siku hiyo kila anayepita ni mhalifu, na kwamba mwenye nyumba ana ruhusa ya kumfanya apendavyo. Yote mawili si kweli. Sheria ya Tanzania inamlinda mwenye ua, tena kuliko wengi wanavyodhani, ila kwanza inamwuliza mambo matatu: nani anakaa hapo, aliyeingia alikuwa na nia gani, na alitolewa kwa njia gani. Kwa jibu baya kwenye swali la tatu, mlalamikaji huweza kupanda kizimbani yeye.

Tuanze na nia, maana hapo ndipo watu wengi hukwama wakifika kituoni.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitaja kosa la kuingia kwa jinai katika kifungu cha 299. (Namba ninazotaja ni zile zilizozoeleka mahakamani kwa miaka mingi. Toleo la Marejeo la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 2025, kwa hiyo ukiandika malalamiko hakikisha namba kwenye nakala mpya.) Kosa lenyewe lina sura mbili. Ya kwanza ni kuingia isivyo halali katika mali iliyo mikononi mwa mwingine kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi aliyepo. Ya pili ni kuingia kwa halali, kisha kung'ang'ania kubaki kwa nia hizohizo. Kwa kiwanja au ua mtupu, kifungo hakizidi miezi 3. Mahali penyewe pakiwa ni jengo wanamoishi watu, nyumba ya ibada au jengo la kuhifadhia mali, kifungo hufika mwaka 1. Akishavunja na kuingia ndani ya nyumba ili atende kosa, tumekiacha kabisa kifungu hiki: kuvunja nyumba kuna kifungo cha hadi miaka 14, na ikiwa ni usiku, hadi miaka 20. Kwa hiyo mtu aliyekutwa amejibanza nyuma ya pipa la maji uani, na mtu aliyekutwa ameshang'oa kitasa cha mlango wa jikoni, kwa sheria ni watu wawili tofauti hata kama wewe umewakamata kwa hasira moja.

Sasa mchukue mtoto wa chuo (madrasa) anayekatiza kwenye ua wako wa Makorora kila alasiri, msahafu kwapani, kwa sababu njia ya kuzunguka ni ndefu. Hana nia ya kuiba wala ya kukutukana. Amechelewa tu na anamwogopa mwalimu wake. Ukimpeleka polisi, askari atakuuliza amefanya nini, nawe utajibu "amepita". Kesi imeishia hapo. Kibao nacho hakigeuzi kupita kuwa jinai. Kazi yake ni kukujengea ushahidi. Mtu mzima aliyekiona, akaambiwa mbele ya mashahidi asipite tena, kisha kesho yake akapita huku anakukodolea macho, atapata tabu kumshawishi hakimu kwamba hakukusudia kukuudhi.

Jinai ikishindikana bado kuna madai. Tanganyika ilipokea kanuni za sheria za Uingereza zilizokuwa zikitumika tarehe 22 Julai 1920, na kwa kanuni hizo kuingia kwenye ardhi ya mwingine bila ruhusa ni kosa la madai hata kama hakuna jani lililovunjika. Nia mbaya haihitajiki. Unachoomba ni zuio la kumkataza asirudie, pamoja na fidia. Na kama hukupata hasara yoyote, fidia hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko nauli uliyotumia kuhudhuria shauri. Kwa maoni yangu madai yanamfaa jirani mkaidi, au fundi anayemwaga mchanga na kokoto kwenye kiwanja chako kana kwamba amekikodi. Mtoto wa chuo malizana na mwalimu wake.

Ruhusa ya kuingia, kwa upande mwingine, haihitaji kutamkwa. Geti likiwa wazi na kuna kijia cha kwenda mlangoni, muuza samaki, jirani mwenye habari ya msiba, kijana anayekusanya mchango wa mtaa, wote huhesabiwa kuwa na ruhusa ya kufika mlangoni na kupiga hodi. Adabu ya pwani ni hodi mara tatu, usipojibiwa rudi ulikotoka, na sheria haiko mbali na hapo. Ruhusa hiyo inakoma mlangoni. Haimpi mtu haki ya kuzunguka nyuma kukagua kamba ya nguo, na inakwisha ukimwambia aondoke, mradi umpe nafasi ya kutosha kutoka. Baraza la mbele lina mambo yake. Ni lako, lakini kama miaka yote umewaacha wazee wakae hapo na bao lao na kahawa yao, hao ni wageni wako mpaka utakapowaambia vingine. Waambie basi. Kuwamwagia maji ya kudekia ni kutafuta kesi ya shambulio.

Mali iko mikononi mwa nani

Kifungu cha 299 hakimtaji mwenye hati. Kinataja mali iliyo mikononi mwa mtu, yaani anayekaa na kuitawala kwa wakati huo. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka uingie kwenye nyumba ya kupanga.

Chukua nyumba ya kawaida ya Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na nyuma ua wenye jiko, choo, pengine na kisima. Wapangaji wanne, kila mmoja na chumba chake, ua wanatumia wote. Chumba kiko mikononi mwa mpangaji, na mwenye nyumba anayefungua kwa ufunguo wa akiba ili atoe vyombo nje kwa sababu ya kodi anaweza kushitakiwa kuwa ameingia kwa jinai katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Mikataba mingine ina kipengele cha ukaguzi, na hicho kinaheshimiwa kama kilivyoandikwa. Lakini "nyumba ni yangu" peke yake si kipengele.

Ua wa pamoja ni mgumu zaidi, na sijui mahali pengine ambapo watu hugombana kwa haki zisizoeleweka kama hapo. Mpangaji wa chumba cha kwanza hawezi kumfukuza mgeni wa mpangaji wa chumba cha tatu kwa madai kwamba ni mvamizi, kwa kuwa kila mpangaji ana haki ya kuutumia ua na kupokea wageni wake kwa kiasi cha kawaida. Mgeni akileta fujo, akitukana au akitisha, hapo yeyote kati ya wanaoutumia ua anaweza kulalamika. Asipofanya hivyo, shauri ni la mwenye nyumba na mkataba wake. Ndiyo maana mkataba wa kupanga ungepaswa kusema geti linafungwa saa ngapi, nani anakaa na ufunguo, na wageni wanalala au hawalali. Mikataba mingi inayouzwa madukani haina hata moja kati ya hayo.

Kisima kinahitaji neno. Kama majirani wamekuwa wakichota kwako kwa hisani, ile ni ruhusa, na ruhusa unaweza kuiondoa. Iondoe kwa kutangaza na kwa kutoa muda. Ukifunga geti asubuhi moja bila taarifa, wewe ndiye utakayeonekana mchokozi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kuna pia shemeji aliyekuja kwa wiki moja na sasa anapokea barua kwa anwani yako. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria haina siku ya tatu, ina siku ya kumwambia. Ukishamwambia aondoke, ukamwekea tarehe, na tarehe ikapita, anakaa bila ruhusa. Mume au mke mliyegombana naye si wa kundi hilo hata kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya ndoa kwa ajili ya wote wawili, na hakuna kituo cha polisi kitakachomwita mwenzi wako mvamizi kwa sababu umebadilisha kufuli.

Akisema ua ni wake

Hapa mkondo wote unageuka. Mtu akivuka mpaka, akachimba msingi au akang'oa mistari ya mkonge mliyopanda kama alama, ukimwita polisi, huyo aliyevuka atajibu: "Hapa ni pangu." Ikiwa dai hilo si la mzaha, kesi ya kuingia kwa jinai haiwezi kusimama. Mahakama Kuu Mwanza ilisema hivyo katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1992: shitaka la kuingia kwa jinai haliwezi kufaulu pale ambapo umiliki wa ardhi una mgogoro ambao haujaamuliwa kwa njia ya madai. Mahakama zimeirudia kanuni hiyo mara nyingi tangu hapo, na watu waliofungwa kwa kesi za namna hiyo huachiwa wakikata rufaa. Kwa hiyo jirani anayekimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa jinai ili "amnyooshe" mwenzake kwa mpaka wa mita moja anapoteza muda wake na wa mahakama.

Njia yake ni hii. Kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, shauri huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, na likikaa siku 30 bila kumaliza, mlalamikaji anaruhusiwa kusonga mbele hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baada ya hapo kuna Mahakama Kuu. Wengi hulalamikia hatua ya kata kwamba inachelewesha. Mimi naiona kuwa ndiyo hatua yenye faida zaidi kwa ugomvi wa mpaka, kwa sababu wazee wa kata wanajua mti uliokatwa ulikuwa wapi.

Usikae sana, lakini. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. Aliyejenga choo chake nusu ndani ya kiwanja chako mwaka 2010, ukamwangalia tu kwa sababu hukutaka kuvunja ujirani, anaweza kukuambia leo kwamba umechelewa, na pengine akashinda. Kama umemwachia kwa hisani, iandikeni hisani hiyo. Karatasi moja yenye sahihi za wote wawili na shahidi, inayosema anatumia kwa ruhusa yako, inaondoa hoja ya kwamba alikaa hapo kama mwenyewe. Na kabla ya kumwita mtu mvamizi, tafuta mawe ya mipaka kwenye kiwanja kilichopimwa. Mpima ardhi anaweza kuyafufua kwa ramani. Nimewasikia watu wakiapa kwa mpaka unaopita kwenye mnazi, na mnazi wenyewe umeanguka zamani.

Kumtoa bila kujiingiza wewe

Katiba, ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inampa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Haki hiyo ina kipimo: nguvu inayotumika iwe ya kiasi kinachostahili hali iliyopo. Kwa aliyesimama tu uani, kipimo ni kumwambia atoke, kumwelekeza getini, na akikaidi, kumwita mjumbe, mlinzi au polisi. Kwa anayekujia na panga, au anayevunja mlango usiku huku watoto wamelala, sheria inaruhusu nguvu kubwa zaidi, hata yenye kuua, pale ambapo mtu aliamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha. Aliyepitiliza kiasi na mtu akafa ana hatia ya kuua bila kukusudia, na adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha.

Ukishaielewa hiyo, utaona kwa nini mitego ni balaa. Waya uliounganishwa na umeme wa nyumbani na kulazwa juu ya ukuta hauwezi kupima kiasi. Unampiga jambazi, unampiga mtoto aliyefuata mpira, unampiga fundi wa paa la jirani, kwa nguvu ileile. Mwenye waya hana hoja ya kujilinda kwa sababu hakuwepo, hakumwona mtu, wala hakutishwa. Chupa zilizovunjwa na seng'enge juu ya ukuta mrefu zina nafuu, kwa kuwa zinaonekana na zinamwonya anayetaka kupanda. Mchongoma ni mzuri na wa bei nafuu. Mnyaa unaota haraka, ila utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kulipofusha. Usiupande kando ya kijia cha watoto.

Mbwa anaruhusiwa. Kanuni ya Adhabu ina kosa la uzembe linalomhusu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama wake, kwa hiyo afungwe mchana wageni wanapoingia, achanjwe kichaa cha mbwa, na kibao cha "Mbwa Mkali" kiwe kwenye geti la nyumba yenye mbwa kweli. (Nyumba zisizo na mbwa zenye kibao hicho zimejaa, na sheria haina ugomvi nazo.)

Kukamata kunaruhusiwa pia, ndani ya mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu mwenye mali na wafanyakazi wake kumkamata anayeonekana akiharibu mali hiyo, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumfunga kwenye mnazi mpaka asubuhi ili watu wamwone, au kumfungia stoo wakati mnatafuta ndugu zake walipe, ni kosa lingine, na mkosaji ni wewe. Kelele za "mwizi!" zikikusanya umati na mtu akauawa, aliyepiga ukelele na kuchochea hana pa kujificha.

Watoto wanaopopoa embe ni shauri la wazazi wao. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai kabisa, na wa chini ya miaka 12 hana mpaka ithibitishwe kwamba alielewa anachofanya ni kosa.

Ardhi usiyoweza kuizungushia uzio

Tanga ina bahari, na hilo linaleta ugomvi ambao Korogwe hawaujui. Mwenye nyumba ya ufukweni, Raskazone au Sahare, anaona wavuvi wakipita na nyavu chini ya bustani yake na anawaita wavamizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Uzio ulioshushwa mpaka maji yanapofika ndio unaohitaji maelezo, wala si mguu wa mvuvi.

Barabara nazo. Kwa barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Segera au ya Horohoro, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Muuza machungwa aliyekaa mbele ya ukuta wako ndani ya hifadhi hiyo yuko kwenye ardhi ya barabara, na wa kumwondoa ni mamlaka ya barabara. Kichochoro kilichomo kwenye ramani ya mipango miji hakifungwi hata kama kinapita dirishani kwako. Kabla ya kujenga ukuta, omba kibali cha ujenzi Halmashauri ya Jiji. Afisa mipango miji atakuonyesha njia zilizoachwa, na ni heri akuonyeshe kabla ya tofali kuliko baada.

Makaburi ni jambo la pwani ambalo wanunuzi kutoka bara hushtukia wakiwa wameshalipa. Viwanja vingi vya zamani vina kaburi la babu mmoja au wawili kwenye kona. Jamaa wakija kuzuru na kufyeka majani, ni vigumu mno kumwonyesha hakimu nia ya kuudhi. Wekeni kwenye mkataba wa mauziano: kaburi liko wapi, njia ya kuliendea ni ipi, na wanatoa taarifa kwa nani.

Kwa maofisa, kanuni ni kitambulisho na sababu. Msoma mita, bwana afya na mtendaji wa mtaa wana kazi zinazowaleta uani, nawe una haki ya kuona kitambulisho kabla ya kufungua. Polisi wakitaka kupekua, omba kuona hati ya upekuzi au idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo, na uwe na shahidi huru. Hati ya mahakama hutekelezwa kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Vitu vikichukuliwa, dai stakabadhi iliyosainiwa. Upekuzi wa dharura bila hati upo kisheria, na kuwazuia kwa mwili wakati wa dharura hakutakusaidia. Andika majina na saa, ulalamike baadaye.

Yaliyobaki ni karatasi. Onyo la kwanza litoe kwa mdomo mbele ya mtu mwingine. La pili liandike, liweke tarehe, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ikiwa na mhuri. Akirudi, piga picha ya alama za miguu, uzio uliovunjwa, kufuli lililokatwa, kisha nenda kituoni ukafungue malalamiko na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Nenda na kinachoonyesha kwamba unakaa hapo: hati ya umiliki, ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja), mkataba wa kupanga, hata risiti za umeme. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili waulize ofisi ya kata kuhusu wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na ambao huduma yao ni bure.